Korti Ilipotutembelea Gatuanyaga

Wanaosema damu ni nzito kuliko maji hawajaishi Gatuanyaga wakati wa kiangazi. Mimi nimeishi, na nimeona watu waliozaliwa tumbo moja wakinyimana debe la maji, kisha Jumapili wanakaa benchi moja kanisani na kupeana mikono. Nilikuwa nawacheka. Nilidhani sisi kwetu tuna akili kuwashinda.

Kwetu tulizaliwa wawili tu, kaka yangu na mimi. Baba alifanya kazi kiwandani Thika mpaka akastaafu, akanunua shamba hili kavu ambalo wenzake walimsimanga kwa kulinunua, akachimba kisima kirefu cha mashine upande wa barabarani, na kabla hajafa akaandikisha hatimiliki kwa majina yetu wawili, nusu kwa nusu, bila kuligawa. Alisema akituachia mpaka tutapigania mpaka, heri atuachie shamba zima tulile pamoja. Mungu amlaze pema, alikuwa mtu mzuri, lakini watoto wake hakuwajua.

Kaka aliondoka mapema. Ana duka la vifaa vya ujenzi Ruiru, na kwa jinsi Ruiru inavyoota majumba, hajawahi kukosa mteja wa misumari. Mimi nilikuwa fundi wa nguo mjini Thika. Nilirudi nyumbani kumuuguza baba, na baada ya mazishi sikuondoka tena. Nilinunua ng'ombe, nikapanda sukuma wiki na nyanya, na kila kitu kilichoota katika vumbi lile kiliota kwa sababu ya kisima. Niliishi na tata, dada yake baba, mwanamke mfupi asiyeamini kwamba kuna shida inayoweza kuzungumzwa kabla ya watu kula.

Kisha siku moja kaka akanipigia simu kuniambia amepata mnunuzi wa nusu yake. Kuuza nusu yake ilikuwa haki yake, sikuwa na neno. Lakini mnunuzi mwenyewe, mtu wa Nairobi aliyetaka kufuga kuku kwa maelfu, hakutaka nusu yoyote tu. Alitaka nusu yenye kisima, na kisima kiwe chake peke yake, akizungushie ukuta.

"Na mimi ng'ombe nitawanywesha nini?" nikamuuliza.

"Si wewe unabaki na nyumba ya mzee," akasema. "Hiyo ni sawa kwa sawa."

Nilimwambia nyumba hainyweki. Nilimwambia na mengine pia, ambayo tata alinikataza kuyarudia mbele za watu.

Nilikwenda Ruiru kumwona ana kwa ana, nikiamini uso kwa uso ataona haya. Alinipa kiti kati ya mifuko ya simenti na mabati, akaagiza chai, kisha kila nilipofungua mdomo akaingia mteja wa rangi, wa bawaba, wa bomba la nusu inchi. Chai ilipoa. Mwishoni akaniambia bila kunitazama kwamba asingependa tugombane, kwa hiyo ameamua korti itugawie. Nilirudi Thika nikiwa nimekunja uso hivi kwamba utingo hakuthubutu kuniomba nauli mara mbili.

Karatasi zilipofika, niliona kwamba kaka yangu ameandikwa mlalamishi na mimi mshtakiwa. Mshtakiwa, kama mwizi wa kuku. Wakili niliyempata mjini, msichana mpole aliyeweza kuwa binti yangu, alinieleza kwamba hilo ni neno tu, kwamba mwenye shamba mwenza yeyote ana ruhusa kuiomba korti igawe, na kwamba hakuna aliyesema nimeiba. Nilimwelewa. Hasira haikuelewa.

Kesi za siku hizi hutajwa kwenye mtandao. Mara ya kwanza niliingia kortini kwa simu nikiwa nimesimama karibu na zizi, kwa sababu ndiko mtandao unakoshika. Hakuna aliyenifundisha kuzima sauti. Wakili wa kaka alikuwa katikati ya kueleza jinsi mteja wake anavyonyanyaswa, mara ng'ombe wangu mwekundu akalia, tena kwa kirefu. Jaji akauliza ni nani aliye na ng'ombe kortini. Nilijibu, "Ni wangu, Mheshimiwa. Anasubiri maji." Wakili wangu alinipigia baadaye kuniambia nisijibu tena bila yeye. Lakini nilisikia kwenye sauti yake kwamba alicheka.

Kesi ilitajwa, ikaahirishwa, ikatajwa tena. Upande wa kaka ulichora mstari kutoka barabarani kushuka bondeni, na kisima kikawa chake. Upande wetu ukachora mwingine uliokata shamba kwa ubavu, na kisima kikawa changu. Michoro yote miwili iligawa ardhi sawasawa mpaka futi ya mwisho. Kila upande uliapa kwamba mchoro wake ndio wa haki. Wakati huo kaka na mimi hatukuwa tukisemezana hata salamu. Alipotaka kujua kama nimefyeka ua, wakili wake alimwandikia wakili wangu, naye akanipigia, nami nikajibu kwa njia hiyo hiyo ndefu. Nililala nikihesabu ng'ombe wa kuuza kwanza endapo kisima kitakwenda. Nilimkasirikia baba aliyekufa, na nilimkasirikia kaka aliye hai, na sikuwa na wa kumkasirikia zaidi ya hao, kwa hiyo nikamkasirikia tata kwa kupika ugali laini.

Ndipo jaji akasema michoro imemchosha, atakuja mwenyewe kuliona shamba.

Hapo ndipo tulipofanya kosa letu. Wakili alinieleza kwamba korti ikija, inakuja yote: jaji, karani, mawakili wa pande mbili, saveya, askari. Aliniambia nifyeke njia na nifunge mbwa. Juu ya chakula hakuniambia kitu, nadhani kwa sababu hakuna mtu aliyesoma sheria angedhani jambo hilo lahitaji kusemwa. Nilipomwambia tata kwamba jaji anakuja nyumbani, aliweka chini kisu alichokuwa akimenyea viazi na kuuliza swali moja: "Watakuwa wangapi?"

Sitasema sikujua kabisa. Nilijua korti si wageni wa kawaida. Lakini wazazi wetu walitulea tukijua kwamba mtu akitembea juani mpaka kwako, haondoki na midomo mikavu, awe mchungaji, awe daktari wa ng'ombe, awe mtu wa kukata stima. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa hiyo jogoo mkubwa akachinjwa, mukimo wa viazi na mahindi ukapondwa na majani ya malenge, chapati zikasukumwa tangu alfajiri. Tuliazima hema na viti kwa kina mama wa kanisa, na tata akatandika vile vitambaa vyake vya kufuma ambavyo havikuwa vimetoka sandukuni tangu mazishi ya baba.

Wakili wangu ndiye aliyefika wa kwanza. Alishuka kwenye gari, akaona hema, akaona moshi, na rangi ikamtoka.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni chakula."

"Ya nani?"

"Ya jaji," akasema tata kutoka jikoni, kwa fahari. "Na hao wengine."

"Ngai. Funikeni. Funikeni yote." Alianza kukusanya vitambaa kwa mikono yake mwenyewe huku akinieleza haraka haraka kwamba jaji hawezi kuonja hata maji ya upande mmoja, kwamba itaonekana nimemhonga kwa mukimo. Tulikunja vitambaa, tukafunika masufuria. Lakini harufu ya kuku aliyekaangwa kwa kitunguu na dania haifunikwi na chochote. Magari mengine yalikuwa tayari yanaingia kwa vumbi lao.

Wakili wa kaka alikuwa mtu mrefu mwenye pua ya kazi. Alivuta hewa mara moja tu. "Mheshimiwa," akasema, "naomba iingie kwenye rekodi kwamba upande wa mshtakiwa umeandaa karamu."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Jaji, mama wa makamo aliyekuwa amevaa viatu vya mvua katika jua lile, alilitazama hema. Ndipo wakili wangu, yule msichana mpole, akanyoosha kidole kuelekea gari la kaka. Buti lake halikufungika. Lilikuwa limefungwa kwa kamba, na ndani, mbele ya macho ya kila mtu, kulikuwa na kreti za soda, mikate, na mkungu mzima wa ndizi mbivu.

"Naomba pia iingie kwenye rekodi," akasema, "kwamba mlalamishi amekuja na vinywaji."

Kaka alitazama viatu vyake. Alikuwa na uso ule ule wa utotoni, wa siku mama alipomkuta na mdomo umejaa sukari.

Jaji akamtazama, akanitazama mimi. "Nyinyi wawili," akauliza, "mlizaliwa na mama mmoja?"

"Ndiyo, Mheshimiwa," tukajibu pamoja.

"Nilidhani hivyo." Akatoa chupa yake ya maji mkobani, akanywa, akasema hakuna mtu wa korti atakayeonja kitu chochote cha upande wowote, na tufanye kilichotuleta.

Tulitembea shamba lote. Saveya alionyesha bikoni za mipaka, mawakili wakabishana juu ya mteremko, karani akaandika akiwa ameweka daftari juu ya boneti. Tulipofika kisimani jaji akaomba aone maji yakitoka. Sasa, pampu yetu ni ya zamani na haina adabu. Ukiiwasha peke yako inanguruma na kuzima. Lazima mmoja awe kwenye swichi na mwingine awe chini, kwenye bomba la tangi, afungue hewa itoke kwanza. Siku zote nilikuwa naiwasha na tata, lakini tata alikuwa amekaa juu ya kifuniko cha sufuria, amenuna, na hakuna aliyethubutu kumwita. Nilisimama kwenye swichi nikitafuta la kumwambia jaji. Nikasikia sauti kutoka chini ya tangi ikisema, "Haya, washa."

Kaka alikuwa ameshapiga magoti, mkono kwenye bomba, shati lake la Ruiru limeshika matope. Niliwasha. Bomba likakohoa, likatema kutu, kisha maji yakaja meupe kwa nguvu. Jaji aliyaangalia muda mrefu. Akauliza ni nani aliyechimba, na kaka akasema ni yeye na baba, akiwa kijana, walipoishi na wachimbaji kwenye hema mpaka maji yakapatikana. Akauliza ni nani anayeitunza pampu, nikasema ni mimi. Hakutoa uamuzi wowote. Aliwaambia mawakili kwamba kabla hajachora mstari wake mwenyewe, ambao huenda hakuna kati yetu atakayeupenda, twende kwa mpatanishi wa korti pale Thika. Kisha wakaingia magarini na kuondoka na njaa yao.

Tulibaki watatu na chakula cha watu wengi. Kaka alisimama kando ya gari lake akiivuta ile kamba ya buti, akijifanya hawezi kuifungua.

"Wewe," tata akamwambia, "hii chakula ioze juu ya kesi yenu? Leta hizo soda."

Alileta. Tulikaa chini ya hema la kina mama wa kanisa, viti vingi vitupu vimetuzunguka, tukala bila kutazamana. Kaka aliongeza mukimo mara ya pili, na mara ya tatu. Sikuwa nimejua jinsi nilivyomkosa mpaka nilipomwona akipangusa sahani kwa chapati, na jambo hilo liliniudhi, kwa sababu sikuwa nimepanga kumhurumia siku hiyo. Nikaamua kusema kabla moyo haujalegea.

"Ukiuza hiyo maji umeniuza mimi," nikamwambia. "Mimi sina duka. Sina Ruiru. Kila kitu niko nayo inakunywa hapo."

Alitafuna polepole. "Unajua watu wa hapa wanaiita nini?" akasema. "Wanasema maji ya mama wa ng'ombe. Nikipita barabarani mtu ananiuliza kama nimekuja kutembelea. Kutembelea, mwari wa maitu, dada yangu wa tumbo moja. Na mimi ndiye nilikaa hapo chini na baba tukitoa matope."

Ilikuwa kweli, wanayaita hivyo, na nilikuwa nimewaacha waite. Nilimwambia hilo lilikuwa la kusema, si la kushtaki. Akasema siku ile dukani alijaribu. Nikasema siku ile dukani alikuwa anauza bawaba. Tata akatuambia sote tunyamaze tule, na tukanyamaza. Kaka alipoondoka jioni alibeba mukimo kwenye karai, na alimuaga tata kwa mikono miwili na mimi kwa kichwa tu.

Sikuvimba kichwa kwa matumaini. Chakula si hati. Lakini mbele ya mpatanishi, katika chumba kidogo chenye feni mbovu, tulikaa meza moja na nikagundua kwamba ninaweza kuongea na kaka bila wakili katikati, hata kama ni kwa kugombana. Tuligombania njia. Tuligombania bili ya stima, na kama ng'ombe wangu wanaruhusiwa kupita, na kama kuku wa mnunuzi wataruhusiwa kutia mavi karibu na tangi. Mpatanishi, mzee mwenye subira ya mwalimu wa chekechea, alituacha tuchoke. Ni tata, aliyekuja kama shahidi na hakuulizwa kitu, aliyeuliza kwa nini kisima kigawanywe, mbona mzee hakukigawa. Tukaandika hivyo: sehemu yake, sehemu yangu, na kipande kidogo katikati chenye kisima, tangi na njia, kibaki kwa majina yetu wawili, kisiuzwe wala kuzungushiwa ukuta na yeyote peke yake.

Kaka alitia sahihi haraka mno. Nilidhani amezungumza na mnunuzi wake na wameafikiana. Nilidhani pia kwamba huenda kuna ujanja, kwa hiyo nilimwambia wakili wangu asome kila mstari mara mbili. Hakukuwa na ujanja.

Siku ya kuyaingiza makubaliano yale kwenye rekodi, jaji alitaka tufike wenyewe Thika, si kwenye simu. Alituuliza mmoja mmoja kama tumeelewa na kama hakuna aliyetulazimisha. Mimi nilisema ndiyo. Alipofika kwa kaka alimkumbusha, kwa upole, kwamba kesi hii aliileta ili auze, na kwamba makubaliano haya yatamfunga mnunuzi yeyote atakayekuja. Je, mnunuzi wake ameyaona?

"Aliyaona, Mheshimiwa," kaka akasema. "Ametoka. Yeye alitaka maji peke yake."

"Alitoka lini?"

"Kabla sijatia sahihi."

Wakili wake mrefu aligeuka kumtazama, na nikajua hata yeye hakuwa ameambiwa. Jaji aliinua macho kutoka kwenye karatasi. "Kwa hiyo ulitia sahihi ukijua huna mtu wa kumuuzia?"

"Nilijua, Mheshimiwa."

Hapo jaji akaandika, akasoma amri yake, na karani akaita kesi nyingine ya watu wengine.

Nilimfuata kaka nje kwa haraka. Nilikuwa nimejaa hasira, sijui hasira ya nini, labda ya kutoambiwa. Nilimshika mkono penye ngazi na kumuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungenishukuru," akasema. "Na mimi sikufanya kwa sababu yako."

"Sasa ni kwa sababu ya nani?"

"Nilifikiria siku moja nitapita hapo barabarani na watoto wangu," akasema, "na nitakuta geti. Na nitaomba mtu simjui aniruhusu niwaonyeshe mahali nilichimba na baba yangu."

Nililia pale pale, mbele ya mawakili na watu waliokuwa wakisubiri kesi zao wamekunja bahasha, mimi ambaye sikulia hata nilipoitwa mshtakiwa. Kaka hakuniambia ninyamaze. Alisimama ubavuni mwangu, akijipapasa mifuko yote ya koti, akitafuta funguo za gari. Funguo zilikuwa mkononi mwake.